Mizinga ya Kanali Merrow

Mbele ya ofisi ya mji wetu wa Merrow, katika jimbo la Ohio, limesimama jiwe la kijivu ambalo kimo chake humfikia mtu mzima kifuani. Juu yake yamechongwa maneno haya na si mengine: KANALI JOTHAM MERROW. ALITUOKOA. 1813. Aliyelichonga aliona yatosha, kwa maana watu wa siku zake walikuwa wangali wakikumbuka waliokolewa na nini na kwa njia gani. Hakuwaza kwamba wajukuu wao wangekuja kusimama mbele ya jiwe lile wakijikuna vichwa.

Nilifundisha historia katika shule ya mji huu tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu. Kila mwaka mwanafunzi mmoja aliuliza, “Mwalimu, alituokoa na nini?” Nami nilijibu, “Na Waingereza. Kaa mkao wa heshima.” Zaidi ya hapo sikuwa na neno, wala hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa nalo.

Hata hivyo tulikuwa na mila moja iliyotupambanua na miji ya jirani, nayo ni kuburuta gogo. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Machi, theluji inapoyeyuka na ardhi kugeuka tope linalovua watu viatu, wanaume wa Merrow hulifunga gogo kubwa la mwaloni juu ya sileji, lile gari la mbao lisilo na magurudumu, na kulivuta kutoka kivuko cha mto hadi juu ya kilima kinachotazamana na barabara kuu. Kamba huviringishwa matambara. Wanawake hufuata nyuma na mafagio, wakifuta alama za sileji katika tope. Tangu mtoni hadi kileleni ni marufuku kusema neno, na anayesema hupigwa ufagio mgongoni, awe mchungaji wa kanisa au mlevi wa mji. Kileleni watu wote hupiga kelele mpaka sauti zinawakauka. Baada ya hayo gogo hutiwa moto, soseji huokwa juu ya makaa yake, na pai za tufaha huliwa. Wazazi wetu walituambia kwamba ndiyo namna ya kuyaaga majira ya baridi, na sisi tuliwaambia watoto wetu vivyo hivyo.

Kiongozi wa mafagio alikuwa Bi. Orpha Tillotson, mjane mwenye umri wa miaka sabini, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya mji. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuamsha kuku wa mtaa wa pili. Nilimheshimu, ingawa tulibishana karibu kila tulipokutana.

Ikawa mwaka ule lilipojengwa bwawa, mto wetu ukatanda na kuwa ziwa upande wa mashariki, na kampuni moja ya nyumba za mapumziko ikalitamani. Ila haikulitamani jina letu. Ilitaka mji uitwe Ghuba ya Jua. Maombi yakapelekwa kwa baraza la wilaya, lenye wajumbe watatu, na mwenyekiti wao, Bwana Royce Haverkamp, akaja katika ukumbi wetu mwezi wa Januari kutueleza. Alikuwa mtu safi wa mavazi na mwepesi wa maneno. Sitamsingizia ubaya: aliamini kweli kwamba anatutendea hisani.

“Ndugu zangu, jina hili halimvuti mgeni,” alisema. “Nimewauliza watu kule mjini kwetu, Merrow ni nani? Mmoja kaniambia ni mcheza besiboli. Mwingine kasema ni dawa ya kikohozi.”

Ukumbi ulicheka, hata wale wasiotaka kucheka. Bi. Orpha akasimama.

“Na Haverkamp je? Kuna aliyewahi kumeza Haverkamp akapona?”

“Bi. Orpha, mimi sina mji unaoitwa kwa jina langu.”

“Wala hutaupata.”

“Sawa, mama. Basi niambie wewe. Huyo kanali alifanya nini?”

“Alituokoa.”

“Vipi?”

Bi. Orpha alifungua kinywa, akakifunga tena. Wengi wetu hatukuwahi kuliona jambo hilo. Haverkamp hakumcheka, alivaa kofia yake taratibu.

“Mimi si mtu wa kuonea,” alisema. “Tutakuja kupiga kura hapa hapa, Jumamosi ya kwanza ya Machi, saa nne asubuhi. Kabla ya kura, nataka mtu anioneshe huyo kanali alifanya nini. Anioneshe, siyo anihubirie. Nikioneshwa, jina linabaki. Nisipooneshwa, bango jipya nimeshaliagiza.”

Watu walipotoka, Bi. Orpha alibaki akifuta meza ambayo ilikuwa safi. Nyuma ya jiwe la kanali pana bamba la shaba lenye kichwa VIJANA WA MERROW, na chini yake majina ya waliokufa katika vita vya ng'ambo. La tatu ni la Delbert, mtoto wake wa pekee, ambaye meli yake ilizama na mwili wake haukuonekana.

“Mwalimu, mimi sina kaburi,” aliniambia pasipo kuinua uso. “Nina lile bamba tu. Vijana wa Merrow. Wakilibadili jina, Delbert wangu atakuwa kijana wa wapi? Wa Ghuba ya Jua?”

Nilichoweza kumpa ni kazi yangu. Nilivipekua vitabu vyote vya vita vile vya Waingereza katika maktaba ya wilaya, kisha katika maktaba kuu ya jimbo. Majenerali walijaa humo kama ndege juu ya mtama. Jotham Merrow hakuwamo. Kitu kimoja tu nilikipata, nacho kilikuwa katika ramani: palikuwa na Merrow nyingine mbili katika nchi yetu, moja katika milima ya Kentucky na nyingine katika jimbo la Missouri. Nilimwambia Bi. Orpha kwamba hilo si kitu.

“Si kitu?” alisema. “Mtu asipokuwamo vitabuni, yumo kwa watu. Tia mafuta gari.”

Tuliondoka mwezi wa Februari. Merrow ya Kentucky ni njia panda yenye kanisa, duka na nyumba chache zilizoshikilia ubavu wa mlima. Dukani tulimkuta Bwana Cager Lunsford, seremala na mzee wa kanisa lile, mrefu kama nguzo, akitafuna tumbaku. Bi. Orpha alimwuliza kama amepata kusikia habari za kanali.

“Kusikia?” alisema Lunsford. “Yupo pale, mlangoni kwa kanisa. Nendeni mkamsalimu.”

Tulikwenda. Penye mlango wa kanisa tulikuta gogo la mwaloni lililotobolewa upande mmoja, limepakwa masizi yaliyochanganywa na mafuta ya nguruwe, limelazwa juu ya magurudumu mawili ya mkokoteni, tundu lake likielekea kaskazini.

“Hili ndilo mnaloliita kanali?” aliuliza Bi. Orpha.

“Sasa tuliite nani? Askofu? Sisi kwetu bwana harusi haondoki hapa mpaka ametia kichwa humo ndani, akaapa mara tatu kwamba atamsikiliza mkewe. Akimaliza, watu wote wanaitikia, Bum!”

“Kwa nini bum?”

“Ndivyo inavyosemwa.”

“Na masizi je?”

“Mama alikuwa anapaka. Sasa napaka mimi.”

“Na mbona mmelitoboa?”

“Eh, mama! Tusipolitoboa, bwana harusi ataweka wapi kichwa?”

Mimi nilitabasamu kwa adabu, nikidhani tumepoteza safari. Bi. Orpha hakutabasamu. Alilizunguka gogo lile mara moja, akalipiga kofi, kisha akanigeukia.

“Mwalimu, nenda kule chini barabarani. Nenda mbali kabisa. Ukifika geuka uniambie unaona nini.”

Nilikwenda huku nikinung'unika, kwa maana upepo ulikuwa mkali. Nilipofika karibu na daraja, niligeuka. Moyo wangu uliruka, na nakiri kwamba mguu wangu mmoja ulirudi nyuma pasipo kunishauri. Juu ya mlima, mbele ya mlango wa kanisa, mzinga wa vita ulikuwa umenielekezea mdomo.

Nilipanda tena mbio, jambo ambalo daktari wangu alikuwa amenikataza.

“Mzinga!” nilisema. “Bi. Orpha, kutoka kule ni mzinga mtupu!”

“Najua,” alijibu. Uso wake ulikuwa umepauka. “Na sisi wetu tunauchoma.”

Nilikaa juu ya ngazi ya kanisa. Sileji, kamba zilizoviringishwa matambara ili zisilie, ukimya, mafagio ya kufuta alama za njia, yote yalipangika mbele yangu kama wanafunzi waliosikia kengele. Kwa zaidi ya karne moja tumekuwa tukiipandisha mizinga yetu kilimani kwa siri kubwa, adui asisikie, na tulipoifikisha salama tuliichoma na kuokea soseji.

Lunsford alitutazama kwa zamu, akatema tumbaku.

“Hebu ngoja. Mnataka kuniambia mimi nilitia kichwa kwenye mzinga?”

“Wa uongo,” alisema Bi. Orpha.

“Afadhali. Maana mke wangu mpaka leo ananidai kile kiapo.”

Bado palikuwa na shimo katika habari ile, nami nililitaja tulipokuwa tukiendelea na safari. Mizinga isiyo na watu haimtishi mtu. Jeshi lolote lingetuma askari wachache wakatazame, nao wangekuta magogo na kamba. Bi. Orpha alikuwa akila mkate wa mahindi tuliopewa na mke wa Lunsford.

“Ndiyo maana tunakwenda Missouri,” alisema. “Tumekwisha ona wavutaji na watoboaji. Bado kuna wenzao.”

Merrow ya Missouri ni mji wa wakulima, tambarare kama meza, wenye kilima kimoja tu cha duara nyuma ya kanisa. Tulimkuta Bi. Leota Brandes, mfuga bata mzinga, mwanamke mwenye mikono mikubwa na kicheko kikubwa zaidi. Alipoulizwa habari za kanali alisema hajui lolote, ila ana jina lake katika mchezo wa sikukuu ya kiangazi unaoitwa Jeshi la Merrow.

“Unachezwaje?” aliuliza Bi. Orpha.

“Mwamuzi lazima awe mgeni. Asiye mgeni hafai kabisa. Wewe u mgeni, sivyo? Njoo Jumapili baada ya ibada.”

Jumapili walimkalisha Bi. Orpha kwenye kiti mbele ya kile kilima, umbali wa kutosha, wakamwambia ahesabu watu. Kutoka upande wa kulia walitokea watu wakipita juu ya kilima mmoja mmoja, wakitoweka upande wa kushoto: mwenye kofia ya majani, mwenye kofia ya manyoya, mama wa kilemba cha sufu, mzee wa kofia ndefu ya harusi, mzima moto, mpishi, mvulana wa besiboli. Walipita mpaka mkono wake ukachoka kunyoosha vidole.

“Mmeniletea mji mzima!” alipaza sauti. “Wameshapita zaidi ya sitini!”

Kisha waliteremka wote kuja kumwamkia. Walikuwa tisa. Nyuma ya kilima, mahali asipopaona, palikuwa na pipa lililojaa kofia.

“Tangu nizaliwe sijaona mgeni akapatia,” alisema Bi. Brandes akijifuta machozi ya kicheko. “Mwaka juzi kuna mkaguzi wa mifugo, msomi mzima, alihesabu mia moja na kumi. Tukampa keki.”

Hapo ndipo habari ilipokamilika, nami nitaieleza wazi kama tulivyoielewa siku ile. Kanali Merrow alikuwa na watu wachache na hakuwa na mzinga hata mmoja. Jeshi la Waingereza lilikuwa likimjia, naye alikuwa na kilima, msitu wa mialoni na akili yake. Akatoboa magogo, akayapaka masizi, akayapandisha kimya na kufuta njia. Akawazungusha watu wake kilimani, kila duru na kofia nyingine, kisha akawaamuru wapige kelele kwa pamoja. Waingereza wakatazama, wakahesabu, wakarudi walikotoka. Hakufa mtu. Vita vilipokwisha, askari wale walitawanyika kutafuta mashamba. Waliovuta walikuja Ohio, waliotoboa walikwenda Kentucky, waliozunguka walikwenda Missouri, na kila kundi liliupa mji wake jina la yule aliyewarudisha hai kwa mama zao.

“Lakini kwa nini hakuna hata mmoja aliyesimulia?” niliuliza.

Bi. Orpha alinitazama kama atazamavyo mwalimu, nami nikawa mwanafunzi.

“Hila ikisimuliwa imekufa, Mwalimu. Nadhani waliapa kunyamaza, huenda wakaihitaji tena. Na wakanyamaza kweli. Kanali wetu hakusahauliwa kwa sababu hakupendwa. Alisahauliwa kwa sababu watu wake waliweka ahadi.”

Hatukuwa na uthibitisho wa maandishi. Kilima chenyewe hatukukijua, wala hatukijui hata leo. Lakini Haverkamp hakuomba maandishi. Aliomba kuoneshwa.

Njiani kurudi, Bi. Orpha alinieleza alilokusudia, nami nikasimamisha gari kando ya barabara ili nipinge vizuri.

“Huo ni udanganyifu,” nilisema. “Mimi ni mzee wa kanisa. Sitaipata haki kwa njia ya uongo.”

“Wala mimi sitaki. Tutawadanganya macho kwa nusu saa, basi. Kabla hawajainua mkono kupiga kura, nitawaambia kila kitu. Wenyewe watashika yale magogo kwa mikono yao.”

“Je, wakichukia?”

“Watakuwa wamechukia wakiwa wanajua. Ukweli wote, Mwalimu, kabla ya kura. Nakupa neno langu.”

Nilifikiri sana, kisha nikaliwasha gari. Mtu aliyetaka kuoneshwa hila ya vita hawezi kuoneshwa pasipo kwanza kuingia ndani yake.

Jumamosi ile ya Machi ilipambazuka na ukungu mwembamba. Tope lilikuwa kama ujenzi wa Mungu siku ya kwanza, kabla ya kutenga maji na nchi kavu. Lunsford alikuwa amefika siku mbili mapema na keekee yake ya kutobolea na ndoo ya masizi, Bi. Brandes alikuja na watu wake wanane na mapipa mawili ya kofia. Pamoja na wavutaji wetu na wanawake wa mafagio, tulikuwa watu arobaini kasoro mmoja. Magogo yalikuwa sita. Yote tuliyapandisha kwa sileji, kimya, kamba zimeviringishwa matambara, kuanzia alfajiri. Lunsford, ambaye hakuwahi kuvuta kwetu, alizama hadi magotini na kujisahau.

“Jamani, hili tope la kwenu—”

Ufagio wa Bi. Orpha ulimpata mgongoni kwa sauti ya kitambaa kinachokung'utwa. Akatugeukia kwa macho ya kuuliza kosa lake. Wote tulikuwa tumeng'ata midomo tusicheke. Hakusema tena.

Jua lilipopanda, mizinga sita ilikuwa imesimama kileleni juu ya magurudumu ya mikokoteni, midomo ikielekea barabara kuu. Jeshi lilianza kuzunguka. Mimi mwenyewe nilipita juu ya kilima mara ya kwanza kwa kofia yangu ya kanisani, mara ya pili kwa kofia ya mzima moto, na mara ya tatu kwa kofia ya marehemu mke wa mwokaji mikate, yenye cheri za bandia, ambayo nisingeivaa kwa sababu nyingine yoyote.

Kabla ya saa nne kidogo, gari jeusi la baraza la wilaya lilitokea penye kona. Likapunguza mwendo. Likasimama. Bwana Haverkamp akatoka, mkono wake mmoja ukiwa bado juu ya mlango, akatazama juu. Bi. Orpha akainua ufagio wake, na watu wote tukapiga kelele zile za kila mwaka, za kukausha koo, safari hii zikiwa na jambo la kupigania.

Haverkamp akaingia garini. Gari likageuka pale pale barabarani, likatupa tope pande zote, likarudi lilikotoka kwa kasi.

Tulilitazama mpaka likapotea.

“Tumeshinda,” alisema Bi. Brandes.

“Tumeshinda mno!” alisema Bi. Orpha, na kwa mara ya kwanza niliisikia sauti yake ikitetemeka. “Sasa nani atapiga kura?”

Nilijaribu kumfariji, lakini mimi pia niliogopa. Kura isipopigwa siku ile, ingepigwa siku nyingine, katika ukumbi wa wilaya, mbali na kilima chetu na mbali na ahadi ya Haverkamp. Bi. Orpha alisimama akitazama upande wa ofisi ya mji, kule liliko bamba la shaba. Watu waliacha kuzunguka. Mmoja aliweka chini kofia tatu kwa mpigo.

Ndipo tuliposikia king'ora. Gari jeusi lilikuwa likirudi, na mbele yake yalitangulia magari mawili ya polisi. Yakasimama chini ya kilima. Haverkamp akashuka, akafuatwa na wajumbe wenzake wawili na mkuu wa polisi wa wilaya.

“Orpha Tillotson!” alipaza sauti. “Nani amekupa ruhusa ya kuweka mizinga juu ya barabara ya serikali? Na hawa watu elfu nzima umewatoa wapi?”

“Panda uwahesabu!” Bi. Orpha alijibu, na sauti yake ilikuwa imerudi yote.

Alipanda. Viatu vyake vizuri vilibaki na rangi moja na vyetu. Alifika kileleni akihema, akaenda moja kwa moja kwenye mzinga wa kwanza, akaweka kiganja chake juu yake ili auvute kando. Akasimama hivyo. Kisha akakitazama kiganja, kilichokuwa cheusi kwa masizi, akainama kutazama ndani ya tundu, ambamo maranda ya keekee yalikuwa hayajakauka.

Alitutazama tulio pale. Watu arobaini kasoro mmoja, wengi wao wazee, na lundo la kofia.

“Wengine wako wapi?” aliuliza.

“Hakuna wengine,” alisema Bi. Orpha. “Ni sisi tu. Nakwambia kabla ya kura, na Mwalimu huyu ni shahidi wangu: ni magogo sita na kofia za watu waliokufa. Hatuna kingine. Na hatuna karatasi ya kukuonesha kwamba ndivyo ilivyokuwa mwaka 1813. Tuna vile walivyotuachia kufanya. Sisi tulivuta, hawa walitoboa, wale walizunguka. Ulisema tukuoneshe, tusikuhubirie. Hivi ndivyo alivyofanya kanali.”

Mkuu wa polisi ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kukohoa, akashindwa, akaegemea mzinga wa tatu na kuichafua sare yake yote. Mjumbe mmoja wa baraza, mkulima mnene asiye na maneno mengi, alivua miwani.

“Royce,” alisema, “hivi si uligeuza gari?”

“Niligeuza nikaite polisi.”

“Nao Waingereza nadhani walisema wanakwenda kuita wenzao.”

Hapo kilima kizima kilicheka, watu wa Merrow zote tatu, hata mimi. Haverkamp peke yake hakucheka. Nilimtazama kwa makini, kwa sababu nimewatazama wanafunzi wengi katika saa ambayo huamua watakuwa watu wa namna gani. Aliitazama barabara pale chini, mahali gari lake lilipogeukia, alama za matairi zikiwa bado katika tope. Hapakuwa na mtu wa kuzifuta kwa ufagio.

“Niliwahesabu,” alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. “Nilifika mia tatu nikaacha. Moyo ulikuwa unanienda mbio. Nikamwambia dereva, turudi, hawa ni wengi.” Akageuka kumwelekea Bi. Orpha. “Wewe mama, nilikuja hapa na kura ya kulifuta jina lenu mfukoni.”

“Najua.”

“Basi hatuna haja ya ukumbi. Wajumbe, wanaotaka mji huu uendelee kuitwa Merrow?”

Yule mkulima akainua mkono. Mjumbe wa tatu akainua wake. Wa mwisho ulikuwa wa Haverkamp mwenyewe, ulioinuka juu kuliko yote, kiganja chake kikiwa cheusi, kila mtu akikiona.

Kelele zilizopigwa siku ile zilisikika, kwa mujibu wa watu wa kuaminika, mpaka ng'ambo ya ziwa. Bi. Orpha hakupiga kelele. Aliteremka peke yake, akiburura ufagio wake katika tope, akaenda akasimama mbele ya bamba la shaba. Nilimwona akilipangusa kwa pembe ya shali yake, jina la tatu kutoka juu, kisha maneno matatu ya kichwa. Nilimwacha na mwanawe.

Hatukuchoma gogo mwaka ule, wala hatujachoma tangu hapo. Soseji zilipikwa kwa kuni za kawaida na zilikuwa na ladha ile ile, jambo lililowashangaza wengi. Kampuni ilijenga nyumba zake bila ya kubadili jina la mtu, na wageni wake huja kila Machi kuketi chini barabarani na kuhesabu jeshi. Hajapatia hata mmoja.

Mwaka uliofuata, kabla ya mapambazuko, watu walipokusanyika kivukoni kushika kamba, tulimkuta Bwana Haverkamp amekwisha fika, amevaa buti za mpira, akiwa na kamba begani katikati ya Lunsford na mwokaji mikate. Hakuna aliyemwalika. Alivuta vizuri, kichwa chini, mpaka tulipofika nusu ya mwinuko, mahali tope linapozidi. Hapo aliteleza, akaanguka kifudifudi, akainuka na tope mpaka kwenye nyusi.

“Hivi kanali wenu hakuona kilima kingine kifupi—”

Bi. Orpha alikuwa nyuma yake. Ufagio ulishuka kwa nguvu ambazo sikudhani mwanamke wa umri wake angali nazo. Haverkamp akashika mgongo, akafunga kinywa, akaikamata kamba tena, na ukimya ukarudi kama ulivyokuwa; tukaendelea kuvuta.

Wageni hawapigwi ufagio katika mji wetu. Wenyeji wa Merrow peke yao ndio hupigwa.